PDF Imefika Katito, Viambatisho Vimebaki Kisumu

Barabara ya Kisumu kwenda Kisii ikishapita Ahero hufika Katito, na hapo nyingine huchepuka kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Ni mji wa njia panda, na kama miji yote ya aina hiyo huishi kwa vitu vinavyopita: abiria, mazao, samaki, na siku hizi nyaraka. Fomu ya basari, tangazo la zabuni, mswada wa fedha, makadirio ya bajeti ya kaunti, hivi vyote havisubiri tena bahasha wala ubao wa matangazo wa chifu. Huingia kwenye simu kupitia kundi la WhatsApp la wadi au la kanisa, vikiwa katika umbo ambalo kila mtu analijua kwa herufi tatu: PDF. Ndani yake mna maneno ya buluu yaliyopigwa mstari chini, yakisema tazama Kiambatisho cha 3, au bofya hapa upate fomu. Msomaji hubofya, na mara nyingi mno hakuna kinachofunguka. Makala haya yanatetea hoja moja. Linki iliyo ndani ya waraka wa umma ni sehemu ya waraka huo, sawa na ukurasa au saini, na jukumu la kuhakikisha kwamba inafanya kazi kwenye simu ya mtu asiyejulikana ni la ofisi iliyoutoa. Msomaji hahusiki, wala kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, hahusiki.

Tuanze na chombo chenyewe. Kampuni ya Adobe ilileta PDF mwaka 1993 kwa lengo mahususi: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine, iwe ina fonti zilizotumika au haina. Mwaka 2008 muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na tangu hapo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuuandika au kuusoma bila kuomba ruhusa ya Adobe. Ahadi hiyo ya sura imetimizwa vizuri sana. Jedwali lililopangwa Kisumu huonekana lilivyo kwenye simu ya bei nafuu kule Nyakach, eneo ulipo mji wa Katito. Lakini ahadi ilihusu sura, na linki ina mambo mawili ndani yake. Rangi ya buluu na mstari wa chini ni sura, kwa hiyo hubaki salama. Linki yenyewe ni mstatili usioonekana uliolazwa juu ya ukurasa, wenye vipimo vya pembe zake, na nyuma yake agizo la mahali pa kwenda mtu akiugusa. Mstatili huo unaweza kupotea maneno ya buluu yakabaki. Unaweza pia kubaki huku agizo lake likielekeza mahali ambapo msomaji hawezi kufika. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana aliyetengeneza waraka akijaribu linki kwenye kompyuta yake humfungukia vizuri, naye huamini kazi imekwisha.

Chanzo cha tatizo kinaonekana kwa macho. Chukua nakala ya faili ya Word inayoishia na .docx, badilisha mwisho huo uwe .zip, kisha uifungue. Utakuta kwamba waraka ni folda kadhaa zilizobanwa pamoja. Ndani ya folda ya word mna nyingine iitwayo _rels, na humo faili ya document.xml.rels, ambayo huorodhesha linki zinazotoka nje ya waraka na zinakokwenda. Linki ya tovuti huandikwa anwani yake nzima kuanzia https. Linki ya faili iliyo kwenye folda moja na waraka huandikwa jina tu, kwa mfano Kiambatisho 3.xlsx, kwa kuwa njia yake inahesabiwa kuanzia pale waraka ulipo. Ofisa akiugeuza waraka kuwa PDF, programu mara nyingi huichukua njia hiyo fupi na kuirefusha hadi kwenye mzizi wa diski, na kinachokaa ndani ya PDF ni kitu kama file:///C:/Users/Bajeti2/Rasimu/Kiambatisho%203.xlsx. Ile %20 ni nafasi iliyokuwa kati ya maneno. Ni kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni akaanza kuieleza kutoka kitandani kwake: maelezo ni ya kweli, ila hakuna mwingine anayeanzia hapo. Simu haina C. Kompyuta ya saiba inayo C, lakini haina Bajeti2. Vivinjari navyo, kwa sababu za usalama, hukataa kufungua anwani ya file iliyomo ndani ya waraka uliotoka kwenye tovuti. Juu ya hayo yote, njia hiyo imeutangazia umma jina la akaunti ya mtumishi na mpangilio wa folda za ofisi yake, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Kuna njia nyingine mbili za kuiua linki, na zote mbili zimezoeleka maofisini. Ya kwanza ni kuprinti kwa PDF badala ya kuhifadhi kama PDF. Kwenye Windows, Microsoft Print to PDF hujifanya printa, na waraka hupitia humo kana kwamba unakwenda kwenye karatasi. Printa haina habari za linki, kwa hiyo huziacha nyuma. Amri ya kuhifadhi kama PDF iliyomo ndani ya Word, au ile ya kutoa PDF iliyomo ndani ya LibreOffice, huzibeba. Kwa macho, faili mbili zinazopatikana zinafanana, na ndiyo maana mtu anaweza kutumia ile isiyofaa miaka nenda miaka rudi bila kugundua. Ya pili ni muhuri. Waraka uliopangwa vizuri kwenye kompyuta huprintiwa, hutiwa saini, hupigwa muhuri wa mpira, kisha huskaniwa na kurudishwa kwenye kompyuta ukiwa picha. Hapo linki zote zimekufa, maneno hayatafutiki tena, na programu inayomsomea mtu asiyeona haikuti cha kusoma. Muhuri una kazi yake ya kuthibitisha, hilo halina ubishi. Lakini unathibitisha ukurasa mmoja au miwili. Kurasa hizo zinaweza kuskaniwa peke yake zikaunganishwa na waraka uliobaki katika hali yake halisi. Isitoshe, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2020 iliingiza saini za kielektroniki katika sheria kadhaa za Kenya, kwa hiyo dai kwamba wino ni lazima kwa kila jambo limepoteza nguvu.

Kwa nini haya yamhusu mkulima wa Nyakach? Kwa sababu sheria imezipanga nyaraka za fedha za kaunti kwa namna ambayo kila mmoja unategemea uliotangulia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa miaka mitano, kama ule wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huohuo inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Baadaye Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi. Anayetaka kujua iwapo barabara ya mashambani iliyoahidiwa katika wadi yake ilitengewa pesa, na iwapo pesa hizo zilitumika, hana budi kuzipitia nyaraka hizo zote kwa mfuatano. Mpango wa miaka mitano utamwambia barabara ipo kwenye orodha. Mpango wa mwaka utamwambia kama zamu yake imefika. Makadirio yatamwambia kiasi. Ripoti itamwambia kilicholipwa. Hakuna hata mmoja wenye jibu lote, na jibu linapatikana kwa kutoka huu kwenda ule. Linki zikikatika, kinachokatika ni ule uwezo wa kulinganisha, ambao ndio msingi wa raia kumwuliza mwakilishi wadi swali lisiloweza kukwepwa.

Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali katika ibara ya 35, na katika ibara ya 201 inataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba taasisi za umma zichapishe taarifa muhimu bila kungoja kuombwa, na kwamba anayeomba ajibiwe ndani ya siku 21. Sasa pima. Ofisi imechapisha taarifa ya mikakati, lakini majedwali yake yamo katika faili ambazo linki zake zinaishia kwenye diski ya mtumishi mmoja. Mwananchi anayeyataka ana njia tatu: aandike barua na kungoja siku hizo 21, apande matatu hadi Kisumu, au amlipe kijana wa saiba amtafutie mtandaoni. Muda wa kutoa maoni ya umma huwa mfupi, na barua iliyojibiwa siku ya 21 inaweza kukuta kikao kimepita. Kwa mwenye zabuni ni vivyo hivyo. Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini kikundi cha vijana ambacho hakikuweza kufungua orodha ya vifaa na vipimo kimeshaondolewa kwenye shindano kabla bei yoyote haijasomwa.

Enzi ya karatasi ililitambua tatizo hili na kulitatua kwa akili. Mswada wa marekebisho hauwezi kueleweka peke yake. Unasema neno fulani katika kifungu fulani cha sheria fulani lifutwe na lingine liwekwe, na asiye na sheria hiyo mkononi haambulii kitu. Kwa desturi, miswada ya namna hiyo nchini Kenya huchapishwa ikiwa na nyongeza mwishoni inayonukuu vifungu vinavyokusudiwa kubadilishwa, ili msomaji alinganishe palepale. Kanuni iliyo nyuma ya desturi hiyo bado ni imara: kama huna hakika kwamba msomaji atafika kwenye andiko unalolitaja, mletee andiko hilo. Na wasomaji wapo. Katikati ya 2024 Mswada wa Fedha ulizunguka simu kwa simu, ukachambuliwa kifungu kwa kifungu mitandaoni, vijana wakaandamana, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Baada ya mwaka huo, kusema kwamba Wakenya hawasomi PDF ndefu ni kusema jambo lililokwisha kukanushwa barabarani.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba linki za tovuti nazo hufa, kwa hiyo jitihada hii ni kazi bure. Ushahidi wa kufa kwake ni mwingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliochunguza maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani takriban muongo mmoja uliopita walikuta karibu nusu ya linki zilizonukuliwa humo hazifikishi tena kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Mwaka 2024 shirika la Pew liliripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Lakini kufa huko kuna sababu, na sababu hizo zinaepukika. Mfano upo hapa nchini. Kenya Law, taasisi inayochapisha sheria na hukumu, zamani ilikuwa na anwani za sheria zilizobeba namba ya mlango wa seva, 8181, pamoja na jina la programu iliyozihifadhi. Anwani ya namna hiyo inafungamana na mashine, na mashine hubadilishwa. Mwaka 2024 taasisi hiyo ilileta tovuti mpya inayofuata Akoma Ntoso, kiwango cha nyaraka za sheria kilichoanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika. Humo Katiba hupatikana kwa akn/ke/act/2010/constitution, yaani nchi, aina ya waraka, mwaka na jina. Seva ikibadilishwa kesho, hakuna neno katika anwani hiyo litakalokuwa limepitwa na wakati. Kaunti inaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa kwa kuamua mara moja kwamba anwani zitataja bajeti, mwaka na namba ya kiambatisho, kisha isizibadilishe kila tovuti inapopakwa rangi mpya.

Pingamizi la pili ni kwamba watu wengi huko mashinani huprinti, na karatasi haibofyeki. Hili ni kweli, na linatupa kanuni bora kuliko yoyote ya kitaalamu: anwani iandikwe wazi, herufi kwa herufi, badala ya kufichwa chini ya maneno bofya hapa. Iliyoandikwa wazi husomeka kwenye karatasi na kuchapwa upya kwenye simu. Hata waraka ukipitia ile printa ya bandia, programu nyingi za kusoma PDF huitambua anwani iliyoandikwa kikamilifu na kuifanya ibofyeke tena, kwa sababu maandishi yake yamebaki. Linki iliyofichwa chini ya maneno haina bahati hiyo. Kwa hiyo kumtumikia msomaji wa karatasi na kumtumikia msomaji wa simu ni kazi moja, ilimradi anwani iwe fupi kiasi cha kuandikika.

Wako pia wanaosema kwamba ni heri linki zisiwepo kabisa, kwa sababu matapeli wamewafundisha Wakenya kuogopa kubofya. Kila msimu wa ajira na wa basari huja na ujumbe wa uongo wenye linki inayoomba namba ya kitambulisho au ada ndogo kwa M-Pesa. Hofu hiyo ni ya busara na haifai kudharauliwa. Ila tuangalie nani anafaidika ofisi ya serikali inapotoa waraka wenye linki mfu. Mwananchi aliyeshindwa kufungua fomu halisi huanza kuitafuta kwingine, na huko kwingine ndiko tapeli anakongoja na nakala yake ya kughushi. Anwani iliyo wazi, inayoishia na go.ke na inayofunguka mara ya kwanza, humpa mtu kipimo cha kutofautisha halali na haramu. Ofisi inayoficha anwani zake chini ya maneno ya buluu inawazoesha watu kubofya wasichokiona, na hiyo ndiyo tabia ambayo tapeli anaihitaji.

Imebaki hoja ya bando. Kuunganisha viambatisho vyote ndani ya PDF moja, watasema, kutaifanya iwe nzito na kumla msomaji pesa. Hapa hesabu iko upande wa linki. Kurasa zilizoskaniwa ni picha, na picha ni nzito mara nyingi kuliko maandishi. Ofisi ikiacha kuskani kurasa mia ili kuonyesha muhuri mmoja, uzito unaookolewa unatosha kubeba majedwali yote na bado faili ikawa nyepesi kuliko ya kwanza. Halafu kuna ukweli wa WhatsApp: anayesambaza waraka hutuma faili moja, hatumi folda. Hata linki iliyotunzwa kwa uangalifu mkubwa, inayotafuta faili iliyo kando yake, haitaipata, kwa kuwa jirani yake aliachwa. Kwa msomaji wa Katito, basi, linki zinazosalimika ni za aina mbili tu: inayokwenda kwenye tovuti kwa anwani kamili, na inayokwenda kwenye ukurasa mwingine wa PDF ileile.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Viambatisho viwekwe mwisho wa waraka uleule, na kila panapotajwa Kiambatisho cha 3 pawe na linki ya kwenda kwenye ukurasa wake. LibreOffice inapotoa PDF hubeba linki za ndani za aina hiyo, na dirisha lake la kutoa PDF lina sehemu ya linki. Faili zikilazimika kubaki mbalimbali, kwa mfano kwenye flashi ya wazabuni, sehemu hiyohiyo ina chaguo la kuandika njia kwa kuhesabu kutoka waraka ulipo, na kwa kawaida chaguo hilo halijawekewa alama. Majina ya faili yawe kwa herufi ndogo bila nafasi, kwa sababu Windows haijali tofauti ya K kubwa na k ndogo, ilhali seva nyingi za tovuti hujali sana. Mwisho, PDF itumwe kwenye simu ambayo haijawahi kugusa mtandao wa ofisi, na kila linki ibofywe. Jaribio hilo ndilo muhimu kuliko yote, kwani ndilo pekee linaloiweka ofisi mahali alipo msomaji. Kwa waraka wenye linki ishirini ni kazi ya dakika chache, na dakika hizo zinaokoa nauli za watu wengi.

Kinachokosekana ni mtu wa kukataa. Afisi za mabunge ya kaunti hupokea nyaraka hizi kabla ya kuzipeleka kwa umma, na zinajua kurudisha waraka usio na saini au uliokosa ukurasa. Hazirudishi ule ambao viambatisho vyake vinaishia kwenye diski ya aliyeuandika, ingawa upungufu ni uleule: sehemu ya waraka haipo. Karani wa bunge akianza kuurudisha, idara zitajifunza kuhifadhi kama PDF ndani ya wiki moja. Hadi hapo, mwananchi anayepewa waraka wa namna hiyo katika kikao cha maoni ana haki ya kusimama na kusema kwamba hajapewa waraka kamili, na kutaka hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.